Tumelipa Kiingilio Kuona Magitaa

Pale mji wa Katoro unapoishia na mji wa Buseresere unapoanza, mkoani Geita, mgeni hawezi kujua amevuka mpaka. Maduka yameshikana, pikipiki zimeshikana, na vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi vimepangana pande zote mbili. Ndani ya kompyuta za vibanda hivyo nyimbo zimegawanywa katika mafaili, na majina ya mafaili ameyatunga fundi mwenyewe: KISUKUMA, GOSPO, KIZAIRE, ZILIPENDWA, BONGO FLEVA, na siku hizi PIANO. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, Zaire ya zamani, hayumo kwenye KIZAIRE. Yumo kwenye ZILIPENDWA, jirani na Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab. Orchestra Maquis, waliotoka Kamina, Katanga, wamo humohumo. Lakini wimbo wa kijana wa Kitanzania, uliotungwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, umetupwa kwenye PIANO kwa sababu ya mdundo wake.

Mwandishi wa makala haya alikuwa kwenye foleni ya kibanda kimojawapo wakati mzee mmoja, kofia mkononi, alipokuwa akilalamika kwamba watoto wa siku hizi wameuza muziki, wamekwenda kuchukua vya Afrika Kusini, havina hata harufu ya nyumbani.

"Sasa nikuwekee zipi, mzee wangu?" fundi akauliza.

"Niwekee Maquis."

Hakuna aliyecheka. Kwa waliokuwa pale, jibu lilikuwa sahihi kabisa.

Amapiano, ile PIANO ya kibandani, ilizaliwa katika vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, katikati ya miaka ya 2010. Ilipofika kwetu haikupiga hodi: kufikia 2023 "Single Again" ya Harmonize na "Enjoy" ya Jux na Diamond Platnumz zilikuwa zikipigwa harusi hadi harusi katika Kanda ya Ziwa. Lawama zikafuata, nazo ni kongwe kuliko muziki wenyewe. Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika mbele ya Bunge kwamba wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, cha-cha-cha na twist, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza gombe sugu na mangala, au hata wamewahi kuzisikia. Hotuba hiyohiyo, na hili wanaoitaja huliruka, ilionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu na wendawazimu. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka 1974 likaundwa Baraza la Muziki, BAMUTA, na katika miaka hiyo Radio Tanzania Dar es Salaam ikaubana sana muziki wa kigeni hewani na kurekodi bendi za nyumbani kwa wingi.

Mwandishi alikulia katika kijiji jirani na Buseresere, wakati huo ikiwa Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. (Chato ikawa wilaya mwaka 2005, Mkoa wa Geita ukazaliwa 2012, watu wa huko wamebadilishiwa anwani bila kuhamisha hata kuku.) Redio ya nyumbani ilikuwa ya baba, mkulima wa pamba, na betri zake zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu ya jioni. Usiku mawimbi ya Bujumbura na Kigali yaliingia vizuri kuliko ya Dar es Salaam. Baba hakujua Kilingala hata neno moja. Hata hivyo, solo likianza kupanda aliinua kidole, na kila mtu nyumbani alijua maana yake ni mnyamaze. Wimbo wa Kizungu ukiingia alikata sauti, akisema betri zisiliwe bure.

Kwa baba, gitaa la solo lilikuwa la kwetu. Lilikuwa limekwisha kukaa nchini kiasi kwamba hakuna aliyeliuliza lilikotoka. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, aliiita bendi yake Cuban Marimba bila kuona haya, kwa sababu vijana wa kizazi chake walijifunza muziki kwenye santuri za Kuba, zile za alama ya GV zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Wakongo nao walisikiliza santuri hizohizo na kuzigeuza rumba yao, ile ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021. Na Kuba yenyewe iliupata mdundo huo kwa watumwa waliochukuliwa Afrika, wengi wao kutoka bonde la mto Kongo. Ukifuata uzi huo wa nani kachukua kwa nani, utazunguka bahari na kurudi ulipoanzia, umechoka na hujamkamata mwizi.

Lakini Wazaire waliokuja Tanzania walijua kwamba gitaa peke yake halitoshi. Maquis walifika Dar es Salaam mwaka 1972 na mtindo wao wa Kamanyola. Baada ya muda walikuwa wakiimba kwa Kiswahili visa vya ndoa, fitina za majirani na umaskini, vitu ambavyo mkulima wa Biharamulo alivifahamu bila mkalimani. Remmy alikuja 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Lafudhi yake ya Kikongo haikumtoka mpaka anafariki Desemba 2010, na watu waliiiga kwa mapenzi. Leo kuna sehemu Sinza inayoitwa Kwa Remmy, na kondakta wa daladala analitaja jina hilo bila kufikiria Kindu.

Haya mwandishi aliyajua baadaye, kwa kusoma na kuuliza. Ya wasikilizaji wenyewe aliyaona kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, msimu wa pamba, siku bendi moja kutoka Mwanza ilipoingia Buseresere kwa lori, vyombo vimefunikwa turubai.

Ukumbi ulikuwa ghala la pamba lililofagiliwa asubuhi ile. Nyuzi nyeupe zilikuwa bado zimenasa kwenye vichwa vya misumari ukutani. Jenereta liliwashwa mapema, jua likiwa bado juu, ili mji mzima usikie kwamba lipo. Kiingilio kililipwa dirishani na walimu, wauza duka, wakulima waliokwisha kuuza, na vijana kadhaa kutoka machimboni waliokuwa na fedha kuliko wote na viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Wazee walibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama ilivyo desturi ya mtu ambaye hajaamua kulipa.

Kiongozi wa bendi alikuwa amejiandaa. Aliambiwa anakwenda kwa Wasukuma, akaweka katikati ya onyesho kipande cha bugobogobo, ngoma ya majembe. Mpiga drams akaacha visahani, akashika mdundo mzito wa kulimia. Waimbaji wakavua makoti. Mmoja akatoa jembe la mbao lililopakwa rangi ya fedha, akalirusha juu, akalidaka, akapiga magoti.

Wazee wa mlangoni walitabasamu. Katikati ya ukumbi ikaanza minong'ono, minong'ono ikawa miluzi, na sauti moja ya mchimbaji ikapanda juu ya zote: "Ngoma tunazo nyumbani bure! Tumelipa kiingilio kuona magitaa!"

Bendi ilirudi kwenye rumba. Kiitikio kilikuwa cha Kilingala, na ghala zima lilikiitikia kwa kukisia sauti, kila mtu na maneno yake. Baadaye, bila kutangaza, mwimbaji akaingiza ubeti wa Kiswahili juu ya gitaa lilelile: pamba imekwenda mnadani, fedha haijarudi, mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mwandishi hajui kama ni wimbo uliotungwa zamani au mwimbaji aliupanga palepale; anayaandika haya kama alivyoyaona. Watu walisukumana kwenda mbele kutunza. Noti zilibandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji mpaka jasho likazibandua, naye akaendelea kuimba akiziokota kwa mguu.

Njiani kurudi, mzee mmoja wa wale wa mlangoni aliulizwa na vijana kama alifurahia kipande cha ngoma. Alifikiri kidogo. "Lile jembe," akasema, "halina chuma."

Katika warsha za utamaduni, ambazo mwandishi amezihudhuria kwa miaka, hupendekezwa kila mara kwamba bendi zikitaka kukubalika vijijini zichanganye ngoma za asili. Ni pendekezo zuri kwenye karatasi. Lakini bugobogobo ina wenyewe, na wenyewe wanajua jembe la kweli lina uzito gani na mtu anachukua muda gani kulizoea. Mgeni akiileta mbele yao kwa pambo, wanaona anawachezea wao. Gitaa la Kizaire halikuwa na aibu hiyo. Lilikuja kama mgeni, likakaa kama mgeni, na juu yake mtu akazungumza habari ya pamba yao. Mwandishi amekwenda maonyesho mengi tangu siku ile, makubwa na madogo, na hajaona ukumbi uliokataa chombo cha nje kwa kuwa ni cha nje. Ameona kumbi zilizokataa kuwekwa pembeni.

Baada ya 1994 nchi ile ilijaa watu. Wakimbizi kutoka Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu kuingia Ngara, wengine wakatawanyika, na dhahabu ikavuta waliobaki: Rwamagasa, Nyarugusu na vijiji ambavyo vilikuwa vichaka mwaka uliotangulia. Rashi ya dhahabu ikitokea, mji unasimama kwa majuma machache, una karasha la kusaga mawe, una mama ntilie, una nyumba ya kulala wageni ya mabati matupu. Wakati huo mwandishi alikuwa kijana mwenye sanduku la kanda za kaseti, akizunguka minadani. Hakuna shule ya muziki inayozidi hiyo. Mnunuzi wa kanda hakuamini jalada, alitaka ijaribiwe. Aliisogeza kwa kalamu ya wino mpaka mahali anapopajua, akaweka sikio, ndipo akatoa fedha.

Waliokuwa na umri wa baba walisogeza kutafuta maneno. Walitaka Sikinde, bendi iliyoundwa 1978 na kujipa mtindo wa ngoma ya Wazaramo, au Msondo ya Muhiddin Gurumo. Walitaka kusikia kisa kinaanzaje. Vijana walisogeza moja kwa moja hadi sebene, kile kipande cha gitaa la kuchezea. Ilikuwa enzi ya African Stars, Twanga Pepeta, waliotoa "Kisa cha Mpemba" mwaka 1999, na ya FM Academia, Wazee wa Ngwasuma, wenye wanamuziki wa Kikongo mbele. Malalamiko dhidi yao yalikuwa yaleyale ya kibanda cha memori kadi: wameiga Kinshasa, hakuna tena wimbo, ni rapa anapiga kelele juu ya gitaa zuri. Mjomba wa mwandishi alishika kanda ya Twanga, akaisikiliza hadi rapa alipoingia, akairudisha sandukuni kwa vidole viwili.

Jambo moja lilikuwa tofauti machimboni, na wachambuzi wa magazeti ya Dar es Salaam hawakulijua. Wao walichukizwa zaidi na tabia ya marapa kutaja majina ya matajiri, wakasema ni ombaomba iliyoletwa na Wakongo. Kule Rwamagasa, bendi ndogo ikipiga usiku kwenye kilabu, rapa alitaja wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, mmoja mmoja, nani amefika kwenye mwamba, nani amelipa wafanyakazi wake, nani ana gari jipya, na hakuna mzee wa Kisukuma aliyeona hilo ni geni. Manju wa Kisukuma wamewataja watu kwa majina miaka yote. Humsifu anayewatunza, humsuta mchoyo hadharani, na mtu mzima huenda kwenye ngoma akijua anaweza kurudi na sifa au fedheha. Kitu kilichoonekana Dar es Salaam kuwa uchafu kutoka nje, Usukumani kilikuta mlango uko wazi na mkeka umetandikwa.

Na kinyume chake kipo. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Bukoba alitoa "Maria Salome", wimbo ambao wengi waliuita "Chambua kama Karanga". Kwa sehemu kubwa ulikuwa wa Kihaya, na Wasukuma waliununua kana kwamba mwimbaji ni binti yao. Mwandishi, ambaye mama yake ni Mzinza, aliulizwa kila mnada, "Hapa anasemaje?" Kizinza na Kihaya ni ndugu, hivyo alitafsiri alichoweza, na kwingine aliongeza chumvi ili kanda itoke.

Aliyekataa ni mama. Aliusikiliza wimbo mara moja akiwa anachagua maharage, akasema sauti ya mtoto ni nzuri lakini ngoma haipigwi hivyo, na mashine zile za studio zimeisawazisha mno, haina mahali pa kupumulia. Wasiojua lugha walifurahi. Aliyejua alisikia kilichopungua. Mwandishi ameliona hili tena na tena: msikilizaji mkali kuliko wote si yule aliye mbali na asili ya muziki, ni jirani yake wa karibu.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", wakiujenga upya wimbo wa Saida kwa midundo ya kisasa. Jina la Saida likarudi midomoni mwa watu, na mwaka uliofuata alitoa "Orugambo". Wajukuu waliupiga huo wa Diamond nyumbani kwa simu siku nzima. Mwandishi alimtazama mama akingoja hukumu. Mama akasema huu hauna neno. "Huyu," alieleza, "hajidai kwamba anapiga ngoma yetu."

Mtu anaweza kudhani Wasukuma wenyewe, kwenye ngoma zao, hawapokei kitu. Hapo ndipo hoja ya usafi wa asili inapovunjika vipande. Vyama vikubwa viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvirudisha kwa waganga Ngika na Gumha wa karne ya 19, hushindana baada ya mavuno kwa utaratibu unaotisha: vikundi viwili hucheza wakati mmoja, vikielekeana, na umati ndio unaoamua kwa miguu yake. Watu wakihama upande mmoja kwenda mwingine, umeshindwa. Katika mashindano ya namna hiyo hakuna anayeweza kusubiri asili imwokoe. Bagoyangi walikuja na nyoka, Banungule na nungunungu, na kila kikundi kilitafuta mavazi, vinyago na vituko ambavyo wenzao hawajaviona. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika aliingiza ngoma za Kisukuma kanisani na kuanzisha makumbusho, na sikukuu ya Bulabo ya kila Juni ikawa uwanja mwingine wa mashindano hayohayo. Leo waimbaji kama Bhudagala Mwanamalonja huimba Kisukuma juu ya kinanda cha umeme na midundo ya kompyuta, na faili la KISUKUMA pale kibandani limejaa nyimbo za namna hiyo. Hakuna mteja aliyedai zihamishwe.

Pale Buseresere sasa yuko kijana mwenye kikundi kidogo: waimbaji, ngoma mbili, kinanda, na kompyuta ndogo iliyopasuka kioo pembeni. Hupiga harusi na sherehe za mnada. Chini ya wigashe, ambao kwa asili huimbwa watu wameketi, ameweka besi ya amapiano. Mwandishi aliusikia wimbo huo kwenye harusi moja Juni iliyopita. Ukweli usemwe: besi ilikuwa kubwa kupita kiasi, sauti ya manju ilizama, na shangazi wa bwana harusi walisimama ukumbini wakitazamana kwa sababu hawakusikia ni nani anayesifiwa. Mmoja alimwendea kijana kwenye mashine na kumwambia apunguze "hilo dude" watu wasikie majina. Akapunguza. Majina yakasikika. Shangazi wakaingia uwanjani na khanga zao, wakatunza, na besi ikaendelea chini kwa chini bila mtu kuijali.

Wiki iliyofuata mzee mmoja, mwenye mjukuu anayeoa, alifika kwa kijana huyo kupanga bei. Alitaka kikundi kizima, ngoma zote mbili na kinanda, ila mashine ya Afrika Kusini ibaki nyumbani. Kijana alikubali, akasema bila kompyuta atapunguza bei. Mzee akauliza itapungua kiasi gani. Alipotajiwa, akanyamaza, akavua kofia, akauliza kama inawezekana kompyuta ije lakini ipigwe baada ya wazee kwenda kulala, kwa bei ileile ya chini. Mpaka mwandishi anaondoka Buseresere, walikuwa hawajaafikiana.